Maua Tu ya Porini

Mchoraji: Haloo? Nani mwenzangu?

Baba Mdogo: Hunijui, binti. Namba nimeitoa nyuma ya fremu. Ni wewe uliyechora picha hii ya maua? Fundi wa fremu kanitundikia leo asubuhi.

Mchoraji: Ni mimi. Shikamoo.

Baba Mdogo: Marahaba! Aisee, mikono hiyo! Hii manjano, hii zambarau, nyasi zimelala utadhani upepo umepita sasa hivi. Nipo hapa sebuleni, pua karibu iguse rangi, na —

Mchoraji: Ukiwa hapo karibu unaona nini?

Baba Mdogo: Madoa. Madoa matupu, kama kuku kakanyaga rangi! (anacheka) Lakini yananikosha.

Mchoraji: Picha za namna hiyo hazitazamwi kwa pua, mzee wangu. Rudi nyuma.

Baba Mdogo: Nimefika kwenye kochi. Lo, maua hayo! Leo wanakuja wakwe zangu wapya. Nimewasifia picha hii mpaka —

Mchoraji: Rudi tena. Mpaka mlangoni. Fumba macho kidogo, nusu nusu.

Baba Mdogo: Haya, mlangoni nime...

Mchoraji: Haloo?

Baba Mdogo: Haya meupe, mbona yamejipanga kama ngazi? Na zambarau ile juu... ni paa? Binti, humu kuna nyumba!

Mchoraji: Na doa jekundu, pale kwenye ngazi?

Baba Mdogo: Mtu. Mwanamke kakaa. Wewe ni nani?

Mchoraji: Mbele ya ukoo mzima ulisemaje, Baba mdogo? "Marehemu kaka hakuacha nyumba kwenye kiwanja kile. Palikuwa na maua tu ya porini." Basi nimekuchorea maua.

Baba Mdogo: ...Kiroboto?

Mchoraji: Kumbe hujasahau jina langu la utotoni. Na mama je? Alikaa kwenye ngazi anakuita shemeji, shemeji, na tingatinga linanguruma. Amefia chumba cha kupanga. Wewe sebule umeijenga palepale.

Baba Mdogo: Mwanangu, hayo ya zamani. Damu nzito kuliko —

Mchoraji: Leo ndiyo umeipima uzito?

Baba Mdogo: Naishusha sasa hivi!

Mchoraji: Ishushe. Fundi kaikaza kwa skrubu ndefu, nilimwomba mwenyewe.

Baba Mdogo: Basi nitawakalisha chini yake, karibu kabisa. Wataona madoa tu.

Mchoraji: Na kuingia wataingilia wapi? Fundi alipokuja kupima sebule yako, nilimwambia apime kuanzia mlangoni.

Baba Mdogo: Una roho mbaya, wewe mtoto!

Mchoraji: Ninayo. Ndiyo iliyonilea, wewe hukuwepo.

Baba Mdogo: Kiroboto, nakusihi, gari lao limeshaingia, nambie niseme — Ee, karibuni! Karibuni sana, piteni... (mikwaruzo)

Mchoraji: Haloo? Mkwe anasemaje?

Baba Mdogo: (ananong'ona) Kaganda mlangoni. Anauliza nyumba hiyo ni ya nani.

Mchoraji: Mjibu. Nasikiliza.

Baba Mdogo: Salio langu lina—

(Simu inakatika. Inaita tena. Inaita sana.)

Baba Mdogo: Ha... haloo? Nani?

Mchoraji: Ni mimi. Salio ninalo. Umemjibu?