Jozi Zilizosalia

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kumsindikiza dada yetu: marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Jozi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi mitambo na mshona nguo, na mimi ninayesoma haya ni kitinda mimba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, kisha chuo kikuu, akabobea katika fizikia, na mwaka 1992 akaajiriwa katika maabara ya utafiti, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, akadumu humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Huko walichunguza viini vya atomi vinavyogonganishwa kwa kasi ya ajabu hadi vikayeyuka kuwa supu ya kwaki na gluoni, chembe ndogo kabisa zinazounda viini hivyo, yenye joto lisilopimika kwa kipimajoto chochote, kwa hiyo dada alihesabu jozi za kwaki nzito, maana zilizoshikana kwa ulegevu huachana mapema, zilizokumbatiana sawasawa hustahimili, na zilizosalia ndizo husema joto lilikuwa kali kiasi gani.

Mama, Mungu amrehemu, alisikia jozi akajua ni viatu, akautangazia mtaa mzima, na fundi viatu mwenye kibanda mkabala na nyumba ya dada akaanza kumwita "mwenzangu", naye dada hakumsahihisha, kwani hakukuwa na mwingine aliyemuuliza habari za kazi.

Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1993 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyetutoka akiwa na miaka sita, na baada ya msiba huo nyumba haikukalika, wakaachana mwaka 2002, bila ugomvi, kila mtu na begi lake. Tulidhani ataolewa tena, wapi, akazoea kula peke yake, redio ikimzungumzisha.

Fundi ametusimulia juzi kwamba aliwahi kumuuliza jozi ikishaachana inakuwaje, dada akamjibu kuwa supu ikipoa, kwaki iliyopotelewa na mwenziwe huweza kumshika yeyote aliye karibu, na hiyo nayo ni jozi, huhesabiwa kama nyingine.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023, sisi tukipiga simu anasema hajambo, kumbe fundi ndiye aliyekuwa akifunga kibanda na kumpeleka kusafishwa damu, na wauguzi walipomuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, alijibu, "Mwenzake." Dada alifariki alasiri ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa fundi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa maabara waliosafiri usiku kucha. Hapa imeandikwa kwamba marehemu hakuacha mume, nami kwa niaba ya familia naifuta sentensi hiyo. Shemeji, wewe uliyekaa nyuma karibu na mlango, njoo mbele, kiti chako kipo.

Dada Jozi, pumzika kwa amani.