Mkono wa Kushoto wa Fundi Wetu wa Pampu

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa umeme wa kituo chetu cha pampu atarudisha funguo za chumba cha mitambo, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi katika Idara ya Maji. Mimi, karani wa masjala, nimepewa ukurasa mmoja wa jarida letu nimuage. Ukurasa mmoja! Faili lake peke yake lina majalada matatu. Na ndani ya jalada la pili mlikuwa na barua moja ya malalamiko ambayo haikustahili kuwemo hata siku moja. Faili lingefungwa na barua hiyo ndani, hati yake ya utumishi ingesema kwamba aliwahi kuonywa kwa utovu wa heshima. Kwa hiyo mnivumilie nikizidisha maneno. Nina langu la kusema, na nisiposema sasa ndiyo basi tena.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mkono Mmoja. Wageni wakilisikia jina hilo hujiandaa kumpa pole, kisha anatokea mtu wa mikono miwili mizima, tena mipana. Jina limetokana na tabia. Akifungua sanduku lolote la umeme hufanya kazi kwa mkono wa kulia tu, na wa kushoto ameutia mfukoni. Jasho limtoke, nzi amtue puani, mkono ule hautoki.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, akainamisha kichwa, akasema beringi ya pampu namba tatu inalia. Wakubwa wakacheka mpaka wakafuta machozi, maana pampu ilikuwa mpya, hata rangi haijakwaruzika. Siku ya nne beringi ikasagika, vicheko vikaisha. Tangu hapo mainjinia wenye vyeti vya kujaza ukuta walikuwa wakimwita kwanza asikilize, ndipo wafungue vitabu vyao.

Mwaka wa mafuriko, maji yalipoingia kituoni, alivua viatu, akaongoza watu sita kunyanyua mota nne kwa minyororo kabla hazijalowa. Wataalamu walikuwa wamekadiria mji ukae mwezi mzima bila maji. Ulikaa siku mbili. Alipoitwa mbele ya mkutano apongezwe, hakuonekana. Alikuwa ameenda kutafuta viatu vyake.

Lile sikio hakulipatia kwetu. Nyumbani kwake kuna chumba nyuma ya jiko ambacho mkewe hukiita Wizara, kwa sababu kitu kikiingia humo hakitoki mpaka wiki nyingi zipite. Humo ndimo anamoundia amplifaya za gitaa kwa mkono wake mwenyewe. Si hizi za siku hizi, bali zile za valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za babu zetu, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo ziimbe. Hajawahi kufungua duka. Wapiga gitaa humfuata wenyewe, wakae kwenye kigoda, waambiwe wapige noti moja tu, halafu wasubiri yeye akune kidevu.

Ameshaunda arobaini na moja. Moja ilijengwa ndani ya bati la mkewe la kuokea keki, na mama wa watu alilitafuta bati lake wiki mbili, mpaka alipolikuta jukwaani kwenye arusi ya mpwa wake likiunguruma nyuma ya mpiga gitaa. Nyingine aliipa kasha la mbao la droo kuukuu iliyotupwa hapa ofisini. Siku spika za ukumbi zilipozimika katikati ya hotuba ya mkurugenzi, alikwenda kuileta, hotuba ikaendelea kwa sauti tamu kuliko yenyewe ilivyostahili. Mtunza stoo wetu, mtu asiyesahau kitu, akapita nyuma yake akaona namba ya mali ya idara bado imebandikwa. Nasikia mpaka leo ipo kwenye orodha ya samani.

Ndani ya kila amplifaya, kabla hajafunga kifuniko, huandika mambo mawili kwa penseli: tarehe, na kosa alilolifanya wakati wa kuiunda. Nimeyasoma baadhi. "Kosa: lehemu haikushika vizuri, nilikuwa na haraka." "Kosa: nilibisha na mke wangu huku nikipima." Husema atakayeifungua miaka ishirini baadaye asipoteze muda kumdhania kuwa alikuwa malaika.

Sasa nifike kwenye langu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuwa katibu muhtasi, kijana, nadhifu, najiona sana. Siku moja alikuja kutengeneza kipaza sauti mbele ya bodi nzima, mkono mmoja mfukoni. Loo, nilichemka! Nikaona huyu anatudharau, anashika kazi ya umma kama mtu anayesubiri chai. Sikumuuliza neno. Niliketi kwenye taipu nikaandika malalamiko ukurasa mzima, na maneno "dharau" na "kiburi" nikayapigia mstari. Akaonywa kwa maandishi. Alipotakiwa kujieleza, jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: barua imepokelewa, mkono utaendelea kukaa mfukoni kwa sababu za usalama. Wakubwa wakaona hiyo ni jeuri juu ya jeuri. Nafasi ya fundi mkuu ilitangazwa mwezi uliofuata. Alirukwa, akaisubiri miaka mitatu mingine. Mimi nikala chakula changu nikalala.

Miaka minane iliyopita kaka yangu alifariki. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya arusi, na aliacha amplifaya ya valvu iliyonyamaza. Nikaipeleka Wizarani. Mkono Mmoja aliifungua kifuniko, akaiwasha akaipima, akaizima, akachomoa plagi na kuiweka sakafuni mbele ya macho yangu, kisha akageuka kuchukua kifaa kingine. Jamani, mimi na usafi wangu! Nikaona vumbi la miaka ndani ya mashine ya kaka yangu. Nikashika bati la mashine kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikatoa leso nikainama nifute.

Sikuona mkono ule ukitoka mfukoni. Nilisikia tu kifundo cha mkono wangu kimebanwa, mkanda wa saa ukakatika, leso ikaanguka. Hakunifokea. Aliniketisha kwenye kigoda, akagusisha waya za mita pale nilipotaka kufuta. Sindano ikapanda karibu volti mia nne, na plagi imelala sakafuni. Akaniambia taratibu kwamba ndani ya mashine hizi kuna vikopo vinavyotunza umeme hata baada ya kuzimwa, na ndiyo maana yeye huvimaliza nguvu kwanza ndipo ashike kitu. Akaniambia pia kwamba mtu akigusa kwa mikono miwili, umeme huingia mkono mmoja ukatokea wa pili, na njia yake inapita moyoni. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia hiyo haipo. Alifundishwa hivyo na fundi wa redio aliyemlea, na fundi huyo alifundishwa na msiba wa mwenzake.

Nilikuwa nimemshitaki mtu kwa jambo lililomweka hai, na mkono ule ule niliouita kiburi ndio uliotoka kuniokoa mimi.

Amplifaya ilipona wiki ile. Kabla hajaifunga nilichungulia alichoandika chini ya tarehe: "Kosa: sikumwonya mgeni asiguse." Yeye! Kosa langu alijiandikia yeye, hata wiki haijapita. Nami langu nililifungia moyoni miaka minane, kila siku najiambia kesho. Uoga tu, sina jina lingine la kuupa.

Kwa taratibu zetu, barua ya malalamiko haitoki kwenye faili ila aliyeiandika aifute mwenyewe kwa maandishi, mtumishi akiwa bado kazini. Jumatatu iliyopita niliandika barua ya kuifuta. Nilimfuata chumba cha mitambo asaini kwamba ameiona. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniambia alijua mwandishi ni mimi tangu siku ile alipoipokea. Nakala aliyopewa haikuwa na jina, lakini herufi "m" zake zote ziliinama kushoto, na taipu ile ilikuwa yangu. Akacheka akasema ndiyo maana kila nilipompelekea taipu aitengeneze alinyoosha kila herufi isipokuwa "m", ili barua zangu nyingine azitambue kutoka mbali. Nikamwuliza kwa nini basi alinipokea nyumbani kwake na amplifaya yangu. Akanishangaa. Akasema mashine ilikuwa mbovu.

Mkurugenzi ameidhinisha. Barua imetoka, na hati yake inachapwa upya bila lile onyo. Mahali ilipokuwa nimeweka karatasi ndogo yenye maandishi ya penseli, atakayelifungua faili hili miaka ishirini ijayo aione: tarehe, na chini yake, "Kosa: sikuuliza."

Nilipomwonyesha karatasi hiyo alitoa mkono wa kushoto mfukoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, pampu zote tano zikinguruma nyuma yake. Nililia, sioni haya kusema.

Fundi wetu, ahsante kwa maji yaliyofika mabombani asubuhi baada ya asubuhi, kwa kila mashine uliyoisikiliza kabla hujaigusa, na kwa mtu mmoja wa masjala ambaye bado yuko hai. Mama wa nyumbani, tunakurudishia mumeo, ficha mabati ya keki. Idara nzima inakuombea miaka mingi ya afya, usingizi wa kutosha na valvu zisizoungua. Kaa salama huko Wizarani: wa kulia kazini, wa kushoto mfukoni.