Birika Lililovikwa Pamba ya Mawe

Kijiwe cha Marjan kilikuwa kando ya nyumba za reli, Nsambya: benchi moja, jiko la makaa, na birika lililovikwa kitambaa kinene cheupe, kahawa isipoe mpaka adhuhuri. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, watu walinong'ona hata wakisalimiana. Mwisho wa benchi aliketi Olanya, barua gotini. Miaka kumi na tisa alifunika mabomba ya mvuke kwa asbesto, waliyoiita pamba ya mawe, katika karakana moja ya Nakawa. Sasa alihema kama apandaye mlima, na hali ameketi. Karakana, iliyokwisha kupewa meja mmoja, ilimwandikia kwamba pamba hiyo haikuwahi kuingia pale. Kesho afisa wa kazi angesikiliza madai yake ya fidia, naye hakuwa na shahidi.

— Sebo, mzee wangu, hiyo ni upepo ya ziwa, ya Port Bell, alisema Kasereka, Mkongo aliyeitwa Wakili ingawa mahakama aliijua kwa nje tu. Inaingia kifuani, inajenga nyumba.

— Upepo wapi! alidakia Santo, aliyeitwa Redio kwa kutozima mdomo. Ni moshi ya sigara ya wazungu. Walienda, wakaacha moshi darini.

— Wallahi, alisema Marjan, huyu alimeza honi ya treni. Sikiliza anavyopumua!

— Mpanda ngazi hushuka, Kasereka alihitimisha. Na kifua iko na ngazi.

Olanya hakucheka.

— Wakili, tulifanya kazi pamoja. Utakuja kesho?

— Mzee, mimi nilikuwa upande ya rangi. Pamba sikuona.

— Na wewe Redio, si tulikuwa wote pale?

— Hata mimi sijui hiyo pamba.

Makaa yalilia jikoni. Olanya alimkumbuka mtume Petro, aliyemkana Bwana wake huku akiota moto. Hakuwachukia, walikuwa na watoto, na meja alikuwa na gari lisilo na namba, lililochukua watu wasirudi.

Amito, mpwa wake, aliyeshuka basi la Gulu asubuhi ile, alinyoosha mkono akaligusa birika.

— Mjomba, kitambaa hiki kimetoka wapi?

Hakuna aliyejibu. Si Santo, aliyekipitisha getini chini ya shati. Si Kasereka, aliyekishona kwa sindano ya magunia. Si Marjan, aliyekipokea kwa shukrani.

— Karakana, alisema Olanya hatimaye. Ni ile pamba ya mawe, nilikikata mimi. Nilidhani nampa jirani mkate, kumbe ni jiwe. Mungu anirehemu.

Marjan aliinuka, akaimwaga kahawa yote chini, akalifunga birika ndani ya gunia lililoloweshwa maji, vumbi la kitambaa lisiruke.

— Kahawa imekwisha. Kesho saa tatu kijiwe kiko Nakawa, kwa afisa. Anayetaka kunywa anifuate.

— Na meja? Santo alinong'ona.

— Meja aulize birika.

— Sisi tukinyamaza, alisema Olanya, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikukatika, mawe yatapiga kelele.

Kasereka alikuwa bado akilitazama lile gunia.

— Mshono ile ni yangu, alisema polepole. Nani mwingine ataieleza? Saa tatu kamili, ama?