Gurudumu la Lori la Mjerumani

Benchi la Isihaka muuza kahawa liko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu hapa Kasulu, na asubuhi ile nilivuka mbio, miguu mitupu, mtoto begani, hata salamu sikutoa. Mume wangu Cleophas, mwalimu wa historia, alikuwa Kibondo na timu ya mpira ya shule. Ana mchezo wake mmoja: anachonga magari ya vita ya Mjerumani, madogo kama kiberiti, vifaru na malori, anayapaka kijivu cha masizi ya kibatari na chaki iliyopondwa kwenye ute wa yai, misalaba anaichora kwa unyoya wa kuku, halafu Jumamosi anapigana na Tabibu Stanislaus juu ya meza ya mchanga, kwa dadu na rula. Aliyaacha kwenye ungo barazani yakauke. Nimegeuka kuchochea moto tu, kurudi, Imma wangu kashika lori, midomo ya kijivu, anakohoa, na lori halina gurudumu moja la mbele.

Nikawaambia kalimeza. Isihaka alimpokea, akamwinamisha, akampiga mgongoni, akamchungulia mdomoni. Mzee Nsengimana, tunayemwita Burma kwa sababu alipigana huko na Waingereza, aliacha drafti aliyokuwa akicheza na Tamimu fundi cherehani, akaleta baiskeli yake anipeleke hospitali Kabanga. Tairi halina upepo. Akaanza kulijaza.

— Tulia, Mama Imma, alisema Isihaka. Analia vizuri, hewa inapita.

Tamimu wanamwita Redio, maana hanyamazi. Akasema gurudumu halina shida, limeumbwa litembee, litatembea lenyewe mpaka linakotokea ugali. Burma akapinga huku anapampu: gari la Mjerumani halirudi wala halitoki, yeye aliyaona vitani. Isihaka akamkumbusha kwamba huko Burma walipigana na Mjapani.

— Mjerumani alikuwa nyuma yake, kajificha, akajibu Burma.

Redio akaja na lingine, kwamba mtoto aliyemeza kitu cha watu huanza kusema lugha yao, na Imma ataamka kesho anaongea Kijerumani kitupu. Mimi nalia, na kicheko kinanibana humo humo. Burma akaacha kupampu.

— Akikijua, mwana wanje, mwanangu huyu, awaulize walimwacha wapi baba yangu. Aliwabebea mizigo kwenda Tabora, vita ile ya kwanza, hakurudi.

Isihaka akamtilia kahawa bila kuombwa.

Hapo lori la abiria kutoka Mabamba likasimama, akashuka mama mmoja, Verediana, akaomba kikombe, akakaa penye ubao wa drafti. Wanachezea vizibo vya soda, mmoja vyake vimetazama juu, mwenzake vimelala kifudifudi. Akautazama ubao wakati anapuliza kahawa.

— Samahani, kete hii ya kijivu ni ya nani? Mbona haina uso wala mgongo?

Redio akasema yake. Burma akasema yake, tena imeshakula mbili. Kumbe tangu asubuhi kila mmoja alikuwa akiisogeza kama yake.

Mimi nikaitazama. Duara, tundu katikati, kijivu cha masizi.

— Fundi, umeitoa wapi?

Aliiokota alfajiri barabarani, mbele ya nyumba yetu. Akadhani kifungo, lakini tundu moja, shati haliwezi kushonewa, basi akaiweka mahali pa kizibo kilichopotea. Niliichomeka kwenye lori, nililokuja nalo mkononi. Ikakaa.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Imma alikuwa anakohoa chaki tu, chaki na yai. Isihaka akaninyanyua, akanikalisha kwenye benchi lao, ambako sijawahi kuona mwanamke wa mtaa huu amekaa, akanipa kikombe. Nikasema asanteni, nikasema tena. Burma alijaza tairi mpaka likawa gumu, akaiegemeza baiskeli mlangoni kwangu, akasema ilale hapo, endapo kikohozi kitazidi.

Hakikuzidi. Cleophas aliporudi nilimwambia lori lake litapigana Jumamosi bila gurudumu moja. Gurudumu nilishalirudisha kwa wenyewe wa benchi, lipo kwenye ubao wa drafti, na mpaka leo hawajakubaliana ni la nani, kama alivyouliza yule mama.