Keki Yenye Chumvi

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mwanangu dereva uliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ingia ukae, maana leo hakuna mahali pa kuwahi. Dada yenu mkubwa aache kunifunika blanketi, sina baridi. Na wewe kitinda mimba wangu, futa machozi kwanza, utalia baadaye. Nina maneno ya kusema na pumzi yenyewe ni ya kupima, kwa hiyo mkiona nimenyamaza msidhani nimemaliza, ngojeni. Wala asinikatize mtu. Nimewasikiliza nyinyi tangu mlipokuwa mnalilia ziwa, leo mnisikilize mimi.

Nianze na mepesi. Nyumba hii haiuzwi. Kitinda mimba ataendelea kukaa humu kwa sababu ndiye aliyefunga virago akarudi kuniuguza, lakini nyumba ni yenu wote, na yeyote atakayeelemewa na maisha huko aliko ajue ana chumba hapa, aje bila kubisha hodi mara mbili. Bati la chumba cha mbele linavuja pale juu ya kabati. Fundi aliyeezeka ni mwongo wa kutupwa, msimwite tena, tafuteni mwingine kabla mvua hazijaanza. Cherehani ni ya dada yenu mkubwa, maana yeye ndiye mshonaji, na asije mtu kusema kapendelewa, kwani nyinyi wengine kutunga uzi kwenye sindano tu mnatoa jasho. Shamba la marehemu baba yenu, lile lililo nyuma ya kiwanda cha matofali, dereva atalisimamia, nimesema kulisimamia, si kulila, na kinachovunwa kigawanywe kwa wote. Nguo zangu wapeni majirani zinaowatosha. Saa ya ukutani imekufa siku nyingi, aichukue anayependa kuitazama. Hayo yamekwisha, na sidhani kama kuna wa kugombana na mwenzake hapo.

Kilichobaki ni jiko, na hilo ndilo nililowaitia.

Ile sufuria nzito yenye mfuniko wa chuma mnaijua. Ilikuwa ya bibi yenu, mama yangu mzazi, naye aliipata alipoolewa. Unatandaza mchanga kidogo ndani, juu ya mchanga unaweka bati la keki, unafunika, halafu makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Lile jiko la umeme alilonunua dereva ni zuri, namshukuru sana, nahifadhia sahani. Lakini keki ya nyumba hii, ile ya maziwa na maganda ya limau, imeivia kwenye sufuria ile maisha yake yote, na ndiyo imewafanya mje kwangu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, hata miaka ile dada yenu na dereva walipokuwa hawapatani, walikuja, wakanuniana, wakala.

Bibi yenu alinipa sufuria kwa sharti moja, kwamba anayepika haonji chake. Kipande cha kwanza anakula mtu mwingine, mbele ya watu wote, na anasema alivyokikuta: sukari imezidi, siagi imepungua, huku kumeungua. Mpishi hajibu neno. Anachukua kisu na kuendelea kukata. Kwa bibi yenu mwonjaji alikuwa wifi yake, mwanamke mmoja mkavu wa maneno mpaka muuza maziwa alikuwa anaacha chupa mlangoni na kukimbia. Siku moja wageni wamejaa sebuleni, yule shangazi akatafuna, akameza, akasema keki hii ingefaa kuzibia ule mlango usiofungika vizuri. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na keki iliyofuata ilikuwa haina kasoro. Walizeeka pamoja wale. Shangazi alipofariki mama alikaa muda mrefu bila kuwasha makaa ya keki, akasema anampikia nani sasa.

Mimi mwonjaji wangu alikuwa dada yenu mkubwa mpaka alipoolewa. Halafu dereva akatuletea mke. Binti wa watu siku ya kwanza tu mezani kwangu, hata jina langu hajalizoea, nikampa kipande cha kwanza nimpime. Akala taratibu, akaweka sahani chini, akasema, "Mama, maganda ya limau yameungua kidogo." Dereva, ulitaka kuingia chini ya meza, nilikuona. Lakini mimi moyo ulitulia, nikajua nimepata mtu. Kweli yalikuwa yameungua, nilipitiwa nikipiga soga na jirani ukutani.

Kisha nikaugua. Mlinilaza hospitali, mkapokezana kunikeshea, sina la kuwalaumu kwa hilo, Mungu anaona. Dawa zile ziliniinua zikaniua ulimi. Nilitoka kule chai kwangu ni maji ya moto, pilipili ni kuwashwa tu, na ndizi ni kitu laini basi. Harufu nayo ikaniaga. Sikuwaambia. Nilidhani itarudi yenyewe, na nyinyi mlikuwa hoi, nikaona nisiwaongezee lingine. Sasa chumvi yangu na sukari yangu nimeziweka siku zote kwenye makopo mawili yanayofanana, na sukari ya keki huwa naisaga iwe laini, kwa hiyo kwa macho hazitofautiani. Nilikuwa nachovya kidole, nalamba, najua. Kidole kikawa hakiniambii kitu, nami nikawa nakisia.

Nikakisia vibaya, sivyo? Inua uso, dada mkubwa, sikugombezi. Jumapili ile ya kwanza ulikata pembe jikoni ukaonja kabla ya wenzako, ukampa kitinda mimba akaonja, ukampa wifi yenu akaonja. Wifi yenu akasema, mama aambiwe kabla haijafika mezani. Nyinyi mkamwambia, mwanamke katoka kitandani juzi, unataka kumvunja moyo? Akasema hawezi kukaa mezani kama mwonjaji wa mama halafu adanganye. Mkamwambia basi usikae. Hayo ndiyo maneno mliyotumia, naomba mniambie kama nimeongeza chumvi yangu hapo. Akachukua mkoba wake akatokea mlango wa nyuma. Na wewe, mumewe, ulikuwa nje unaosha gari, ukarudi ukaambiwa mkeo kasusa, ukakubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Halafu mkakaa, mkala, mkanisifia. Dada yenu akasema, "Mama, leo umejipita mwenyewe." Kitinda mimba akaomba kipande cha pili. Masikini mwanangu, kipande cha pili kwa hiari yake.

Nilimuuliza wifi yenu yuko wapi, mkasema ana shughuli. Mwezi uliofuata, ana shughuli. Kila mwezi mwanamke ana shughuli. Mwisho nikaacha kuuliza, nikasema moyoni, kumbe naye ni wale wale, mama mkwe akichoka na wao wanachoka. Nilimwekea kinyongo. Nikikutana naye sokoni, salamu yake naijibu nusu, nageukia nyanya. Na nyinyi huku nyuma neno likawa linakua, kutoka kasusa likawa ana kiburi, kutoka ana kiburi likawa analitolea macho jiko la mama. Nilisikia hilo pia, na sikumtetea, kwa sababu nilikuwa sijui.

Nipeni maji. Kidogo tu. Ahsante.

Nimejuaje? Kabla sijaanguka safari hii, nilikwenda uani kutafuta ndala yangu nyuma ya rundo la kuni. Nikakuta kipande cha keki kwenye gazeti. Nikavuta kuni, nikakuta kingine, na kingine, vya mwezi huu na vya miezi iliyopita, vigumu kama sabuni ya mche. Kuku walidonoa pembeni wakaghairi. Nikarudi ndani nikapekua. Nyuma ya kabati, kipande. Kwenye mfuko wa koti la dereva, kipande kimekuwa unga. Watu wazima, wenye watoto na ndevu, kila mmoja na maficho yake. Nilisimama pale ukumbini nikiwa na ndala moja mguuni, sijui nicheke au nikae chini.

Nilichukua kipande kimoja nikaenda nacho mpaka kwa wifi yenu, nikakiweka mezani kwake, nikamwambia onja. Akasema, "Hakuna haja, mama. Ni chumvi. Ni chumvi tangu ulipotoka hospitali." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akanivutia kiti, akaenda kuniwekea chai. Hakuwasema vibaya hata kidogo, wanangu, nilimbana mpaka jioni ndipo maneno yakatoka, tena nusu yake akiwatetea. Alisema, wanakupenda sana, wanaogopa.

Nililia siku ile. Niliilia ile salamu yangu ya nusu. Na niliwalilia nyinyi, mnavyomeza chumvi na kutabasamu ili mama asijue kwamba anakwisha. Sijui kama kuna watoto wengine wangefanya ujinga wa mapenzi namna hiyo. Lakini niwaambie jinsi ilivyo ukiwa upande huu. Mliniacha peke yangu. Nilikaa kichwa cha meza na watu wananidanganya kwa zamu, nami nafurahi, na mtu mmoja aliyetaka kunishika mkono anionyeshe nilipofika, mlimtoa kwa mlango wa nyuma. Nimeumia. Nimewasamehe, lakini nimeumia, na nataka mjue vyote viwili.

Sasa wosia wenyewe ni huu. Sufuria ni ya mke wa kaka yenu. Jiko ni lake kulitawala. Halibebeki, limejengewa humu, kwa hiyo atakuja kupikia humu humu, na kitinda mimba utamfungulia mlango wa mbele. Wa mbele, nimesema. Nyuso hizo nimeziona, macho yangu bado yapo. Dada mkubwa, najua uliihesabu sufuria kuwa yako, na mkono wako kwenye rojo la keki ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote hapa, hilo silifichi. Lakini nakupa kazi ngumu kuliko ya kupika. Utakuwa mwonjaji wake. Kila mwisho wa mwezi utakula kipande cha kwanza na utasema ulichokikuta, si kwa kumkomoa wala kwa kumbembeleza.

Na msidhani ni habari ya keki. Nikifumba macho leo mkiwa hivi mlivyo, meza ile imekwisha. Dereva hataendelea kuja mahali mkewe hatakiwi, nanyi hamtakanyaga kwake, na watoto wenu watakuwa wanaoneshana kwa vidole, yule ni binamu yetu nadhani. Mtaonana misibani. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, haya maumivu nimeyazoea.

Kuhusu mazishi, nizikeni karibu na baba yenu, kwa haraka, bila makuu. Asitafutwe mtu wa kunisifu kwa kipaza sauti. Anayetaka kunisema aseme nilikuwa na hasira za karibu, na kwamba...

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Yuko jikoni. Ndiyo, sasa hivi. Mlipokuwa nje mnamsindikiza daktari, mtoto wa jirani alimwingiza, nilimtuma mimi. Hizo sauti za mfuniko mnazosikia tangu nianze kusema, mlidhani ni nani? Dereva, nenda kamwite mkeo. Nenda wewe mwenyewe, umshike mkono umlete, na mkipita pale ukumbini umwambie neno lako la mume, sitaki kulisikia.

Karibu, mkwe wangu. Pita. Pita huku kati, wasogezeeni. Weka hapo juu ya stuli. Nasikia mnavuta pua, bila shaka inanukia. Haya, kata. Kipande cha kwanza mpe wifi yako mkubwa.

Kula, binti yangu. Tafuna. Acha kumeza haraka haraka ulivyojizoeza mezani kwangu... Sasa sema. Usinitazame mimi, mtazame yeye.

Sikusikia. Masikio nayo sasa... rudia kwa sauti.

Unasema katikati pabichi. Na sukari imezidi kidogo.

Ahaa.

Ahsante, mwanangu. Ahsante sana. Na wewe mkwe, hujajibu, umechukua kisu. Vizuri. Wape na hao wengine, dereva asitie mfukoni. Sogeeni hapa sasa, wekeni mikono juu ya huu wangu, wote wanne, na wa mkwe uwe juu. Mungu awaweke. Awape riziki ya kutosha na mdomo wa kweli. Awape watoto watakaowaambia ukweli. Asimwache mmoja wenu akale peke yake... Yaliyobaki nimeyasema. Sina deni la neno na mtu.

Nimechoka.

Mkwe wangu, nipe na mimi. Kidogo, kwenye ncha ya kidole tu. Hapo. Na wewe, binti yangu mkubwa, njoo karibu na sikio langu, uniambie ninakula nini.