Baba Kasereka na Ndama wa Nyumbu

Jumamosi ya tarehe 7 Machi 2026, siku ambayo baba yetu alishika maiki kwa mara ya mwisho, ndani ya kibanda chake cha video hapa Kamwokya tulikuwemo mimi Victoire, mwanangu Olivia niliyembeba mgongoni, Mama Julienne mke wa marehemu, jirani yetu Afande Okeny wa polisi, binti yake Docus mwenye miaka tisa, Mama Nabangala muuza uji, na watoto wengine ishirini na sita wa mtaa. Nitafika kwenye siku hiyo, lakini familia imeniomba nianze mwanzo.

Marehemu Kasereka alizaliwa Butembo tarehe 19 Juni 1967, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa, akasoma hukohuko, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1988, kisha akafundisha jiografia katika mji wa Kiwanja kwa miaka ishirini, akiwachorea wanafunzi volkano na bahari kwa chaki, ingawa bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Mama Julienne, wakajaliwa mtoto mmoja, Pitshou, ambaye yuko Goma na njia haikumruhusu kufika leo.

Vita vilipowatoa Kiwanja mwezi wa Novemba 2008 walikuja Kampala, cheti chake kikabaki kwenye nyumba iliyochomwa, akawa anabeba vyuma Katwe mchana na kujifunza Kiingereza kanisani jioni, mpaka mwaka 2011 alipoanza kazi ya vijei, yaani mtu anayekaa na maiki akitafsiri filamu huku watu wanatazama. Wenzake walichukua filamu za ngumi na bunduki, yeye akachagua za wanyama na maajabu ya dunia, akisema bunduki watoto wetu wameshaziona za kutosha.

Kila Jumamosi saa tisa alituonyesha nyangumi, mapande ya barafu makubwa kuliko kilima cha Kololo, na vipepeo wanaohama nchi hadi nchi bila kuulizwa karatasi. Siku ya yule ndege wa barafuni, ambaye dume ndiye hukaa miezi miwili bila kula, yai likiwa juu ya miguu yake, Afande Okeny alisema, "Huyo baba hana wa kumpokea zamu," Mama Nabangala akamjibu, "Na wewe Afande, hata kikombe unachonywea uji wangu hujawahi kukiosha," tukacheka mpaka marehemu akasimamisha filamu.

Mimi nililetwa kwake na watu wa kanisa mwezi wa Agosti 2012, nikiwa na miaka minane, baada ya kupotezana na mama yangu kwenye msongamano wa mpaka wa Bunagana, na hadi leo hajapatikana. Marehemu na Mama Julienne waliniita binti yao tangu siku ya kwanza, wala hawakunisukuma niseme, ila nilikuwa sili. Jumamosi moja akaonyesha nyumbu wakivuka mto wenye mamba, maelfu kwa maelfu, ndama mmoja akafika ng'ambo peke yake, akawa anamkimbilia jike huyu na yule, nao wanamfukuza kwa pembe, ndipo baba akasema kwenye maiki, "Mama yake huyu hapa, amemwona," na jioni ile nikamaliza sahani. Tangu hapo, katika kila filamu aliyoitafsiri, mtoto aliyepotea alipatikana.

Nilipofika darasa la sita Kiingereza changu kilikuwa kinatosha, nikaiwasha filamu ile siku moja nikifagia kibanda, nikamsikia msimulizi akisema kwamba hakuna jike aliyempokea ndama yule, na kwamba hataiona asubuhi. Nilinyamaza miaka mingi, mpaka nikiwa na mimba ya Olivia ndipo nikamuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, ulikuwa unakula vijiko viwili, ningesema nini?" Nikamuuliza, "Na watoto waliokuja baada yangu?" Akasema, "Hao, nilishindwa kurudi nyuma."

Mwezi wa Septemba 2025 sauti yake ilianza kukwaruza, madaktari wakakuta kansa ya koo, na kilichomsumbua kuliko maumivu ni hofu kwamba sauti itaisha kabla hajawaambia watoto ukweli, na wakati huohuo aliogopa kwamba akiwaambia hawatarudi tena. Tarehe 7 Machi akaweka filamu ya nyumbu, akaitafsiri kwa kunong'ona, na ndama alipofika ng'ambo akasema, "Huyu hakumpata mama yake. Niliwaambia alimpata, nikawadanganya, mnisamehe." Mtoto mmoja akalia, kisha watoto wakaanza kutoka wawili wawili kabla filamu haijaisha, Docus naye akatoka, wala hakuna aliyeaga.

Kesho yake pumzi ilimpungua, tukamlaza hospitali ya Mulago, na kwa kuwa hakuweza tena kusema aliniandikia kila siku kwenye daftari, "Watoto wamesemaje?", nami nikamgeuzia ukurasa. Alhamisi ya tarehe 12 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Julienne.

Tunawashukuru madaktari, na nesi Adyero aliyekisogeza kitanda dirishani bila kuombwa, ili baba awaone kaloli, wale korongo wakubwa wa Kampala, wakijenga viota, tunamshukuru Afande Okeny aliyembeba mgongoni hadi barabarani, Mama Nabangala aliyeleta uji laini kila siku akijua kwamba hataumaliza, na vijei wenzake waliofunga vibanda vyao leo.

Baba, umesema vya kutosha, sasa lala kwa amani.

Juzi Jumamosi, saa tisa, watoto wote ishirini na saba walikuja, wakakuta kibanda kimefungwa, wakakaa chini nje ya mlango hadi saa kumi na moja, muda ambao filamu huwa inaisha.