Mwandishi wa Saa Nane Mchana

Risala ya wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Flor del Cuyaguateje, mkoa wa Pinar del Río, nchini Kuba, kwa mgeni rasmi, Ndugu Aurelio Santamarina, mtengenezaji wa filamu. Msomaji wa risala: Ndugu Nereida Camejo, katibu wa tawi.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Meneja,
Ndugu wakunja sigara, wapanga majani na wafunga masanduku,

Sisi wafanyakazi mia moja themanini na sita wa kiwanda hiki tunakusalimu kwa namna yetu, kwa kugonga meza kwa visu vya kukatia jani. Wenzangu, mgongeeni. Asante. Wewe unajua kwamba hayo ndiyo makofi yetu, na kwamba mtu asipotupendeza tunaviangusha visu sakafuni. Leo hatuna nia hiyo.

KARIBU TENA

Wewe si mgeni hapa. Mwaka jana ulikaa nasi wiki sita na kamera zako, ukazoea kahawa yetu ya kukoroga na sukari nyingi, ukajifunza kukunja sigara moja ambayo mpaka leo hatujapata mtu wa kuivuta. Leo saa kumi jioni filamu yako itaonyeshwa kwenye sinema ya mji wetu. Watu wanapiga pasi tangu juzi. Vinyozi wamefunga kwa kuchoka.

Chakula cha mchana cha leo kimepikwa na Ndugu Evelio Urquiola. Kwa hilo tunaomba radhi mapema.

HISTORIA FUPI

Kazi yetu ni ya kukaa na ya mikono. Masikio yanabaki hayana shughuli, ndiyo maana tangu enzi za mababu zetu kiwanda kina msomaji. Asubuhi anatusomea gazeti, saa nane mchana riwaya. Tunamchagua kwa kura, na kwa miaka kumi na tisa tumemchagua Ndugu Evelio, mwenye sauti inayofika hadi stoo bila kipaza sauti.

Miaka kumi na moja iliyopita Evelio alikuwa anatusomea riwaya ya zamani ya mapenzi na meli. Akafika katikati, akafungua ukurasa, akakuta mchwa wamekula nusu yote iliyobaki. Tulipiga kelele. Tiburcio wa meza ya nyuma alisema, "Mimi siondoki hapa, nataka kujua kama yule nesi aliolewa!" Evelio akaenda nyumbani na aibu yake. Siku ya tatu akarudi na daftari, akatwambia amepata nakala nzima kwa rafiki yake na ameinakili kwa mkono. Nesi hakuolewa. Alifungua duka la dawa. Tuligonga meza mpaka majani yakaruka.

Tangu hapo Evelio akawa analeta hadithi mpya kila mwaka, zote kwenye daftari, zote za mwandishi mmoja wa Lisbon aliyeitwa Zacarías Milán, ambaye Evelio alisema anamfasiri mwenyewe. Ndugu Mgeni Rasmi, tulimpenda Zacarías. Alijua mwanamke anavyohisi mgongoni baada ya kufua. Alijua harufu ya chumba cha mzee aliyepooza. Tukasema, huyu bwana wa Ureno lazima amelelewa na mama mwenye akili sana.

Mwaka mmoja tuliona dalili kwamba Zacarías anataka kumwua mjane Benita. Tukamwandikia barua ya kumsihi, sahihi themanini, tukampa Evelio aitume. Baada ya siku tano Benita akapona homa. Tulishangaa jinsi posta ya Ureno ilivyo na mwendo.

MAFANIKIO

Mafanikio makubwa ya tawi letu ni kugundua ukweli, ingawa hatukuutafuta.

Januari ya mwaka juzi Evelio alikaukiwa na sauti. Mke wake, Zoraida, akaleta daftari kiwandani, akampa Ndugu Caridad Lemus asome kwa niaba, yeye akabaki amesimama mlangoni kulisubiri. Tulimjua Zoraida kama tunavyojuana wote hapa mjini. Mama wa watoto watatu, mtunzaji wa baba mkwe ambaye hakuinuka kitandani miaka tisa, fundi wa mchuzi wa maharage meusi. Wazee walikumbuka kwamba shuleni alikuwa akishinda tuzo za insha, na kwamba alipata nafasi ya chuo cha ualimu Havana akaiacha alipoolewa. Basi, tulikumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba fulani zamani alikuwa na nywele ndefu.

Caridad akavaa miwani, akaanza. Ilikuwa siku ya pambano katika hadithi ya mwaka ule.

"Kapteni Duarte akachomoa upanga," akasoma, "akamtazama adui yake machoni, akasema: viazi vya malanga ratili mbili, sabuni ya kufulia, suruali ya Evelio imepasuka matakoni."

Visu vikasimama juu ya majani. Kisha Tiburcio akauliza, "Huyo kapteni suruali ya Evelio ameionea wapi?"

"Soma vizuri, Cari!" kijana mmoja akamfokea Caridad.

"Nasoma kilichoandikwa, mwanangu. Na mwandiko ni mmoja, wa upanga na wa malanga."

Tukageuka wote mlangoni. Zoraida alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye mashua.

"Shoga," Caridad akamwuliza polepole, "Zacarías ni nani?"

"Zacarías ana nguo kwenye kamba na mvua inakuja," Zoraida akajibu. "Nipeni daftari langu niende."

"Huendi popote mpaka tujue kama kapteni anakufa!"

"Hafi. Nimemhurumia."

Hatukumwachia. Tukampandisha kwenye jukwaa la msomaji na ndala zake, aproni bado kiunoni. Mwanzoni sauti yake haikufika hata meza ya pili. Tukaacha kukunja ili tumsikie, na hapa tunamshukuru Ndugu Meneja kwamba hajawahi kuuliza kwa nini siku ile hesabu ya sigara ilikuwa ndogo. Alisoma sura nzima. Nguo zililowa.

Jumatatu iliyofuata Evelio alikuja na skafu shingoni, akasimama katikati yetu, akasema kwa sauti ya chura, "Angusheni visu. Nimestahili."

"Kwa nini hukusema?" tukamwuliza.

"Mwanzo niliona haya. Halafu nikanogewa na kugongewa meza."

Zoraida akamkatiza. "Msimbebeshe yote peke yake. Mimi nilimkataza. Ningesema nimeandika mimi, mngecheka. Mngesema mke wa Evelio naye anajitia mwandishi."

Na ni kweli, Ndugu Mgeni Rasmi, tungecheka. Tunalisema hili mbele yako, maana risala isiyotaja makosa ya wanaoisoma haifai kusomwa.

Tangu siku ile hadithi ya saa nane ilisomwa kwa jina lake. Habari zikafika Havana, nawe ukaja.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni mapangaboi. Yapo sita, yanayozunguka ni mawili, na moja kati ya hayo linazunguka likijisikia.

Changamoto ya pili inahitaji maelezo.

Ulipokuja na watu wako ishirini na mbili, hoteli ya mji ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Zoraida akajitolea kupika. Wiki sita alipika uani kwake wali na maharage, mihogo kwa kitunguu saumu, ndizi za kukaanga, kahawa mara nne kwa siku. Wewe mwenyewe ulimsifia mchuzi mara tatu, tulikuwa tunasikia. Ulikuwa unatengeneza filamu ya mwanamke asiyepata nafasi ya kuandika, na mwanamke mwenyewe alikuwa anakuoshea sahani. Hatukulaumu. Sisi pia tulikuwepo, na tulikula.

Yule mwigizaji mzuri uliyemleta alimwendea siku moja, akamwambia, "Bibi, nionyeshe unavyoshika kalamu."

"Siku hizi sishiki kalamu, mwanangu," Zoraida akamwambia. "Nashika mwiko. Kaa uutazame, ndipo hadithi zinapotoka."

Binti yule alikaa kweli. Wiki tatu zilizopita, filamu ilipotangulia kuletwa ili fundi wa sinema aijaribu, kamati yetu ilialikwa pamoja na Evelio na Zoraida. Tunakwambia bila kukupaka mafuta, ni kazi nzuri. Pale binti anapotwanga vitunguu saumu huku midomo inatembea, anapolifuta neno aliloliandika kwenye unga mezani kabla mumewe hajaingia, tulilia wote, na Tiburcio akadai ni moshi. Maneno ambayo umati unasomewa mwishoni ni ya Zoraida, neno kwa neno, tunayajua kwa moyo.

Kisha yakaja majina. Hadithi: kutokana na kumbukumbu za Evelio Urquiola. Tukangoja. Likaja jina la aliyeshika taa, la aliyeendesha lori, la mwenye farasi. Likaja jina la binti yule, na kando yake, kwenye nafasi aliyoigiza, pameandikwa: Mke wa msomaji.

Taa zikawaka. Zoraida alicheka, kicheko chake kilekile kizuri. "Haya," akasema, "hata kwenye sinema nimo jikoni." Akachukua mkoba wake akatoka.

Tangu jioni ile hajaleta sura hata moja. Kapteni Duarte, ambaye tulimtaka arudi kwenye hadithi ya mwaka huu, yumo ndani ya mnara wa taa, mlango umefungwa kwa nje, maji yanapanda, wiki ya tatu sasa. Tukimwuliza anasema, "Wiki hii nina nguo nyingi." Ndugu Mgeni Rasmi, nyumba ile ina watu watano. Nguo za watu watano hazichukui wiki tatu kufua.

Evelio ndiye aliyekuja kwetu. Akasema, "Waliniuliza nikajibu. Mimi nikiulizwa huwa najibu kwa kirefu. Hakuna aliyemwuliza yeye, na mimi sikuwaambia wamwulize." Ni yeye aliyetaka risala hii iandikwe, na ni yeye ambaye tangu wiki ile anapika. Ameunguza sufuria tatu. Baba mkwe angekuwa hai angeinuka kitandani.

MAOMBI

Kwa Ndugu Meneja tunaomba meza moja ya Zoraida kuandikia, iwekwe stoo karibu na dirisha, na muda wa saa mbili kila asubuhi usio na mtu wa kumwita. Tulishapiga kura. Kura mia moja themanini na tano zimekubali, na moja imeharibika kwa sababu Tiburcio aliandika juu yake "mwokoeni kapteni".

Kwako, Mgeni Rasmi, mapangaboi tunakusamehe. Ombi letu ni moja. Tunajua filamu haikatwi kama jani la tumbaku, na kwamba kubadilisha maandishi kunataka Havana, mashine na barua. Hayo yafuate kwa wakati wake, nasi tutayafuatilia bila kuchoka. Lakini leo fundi wa sinema ameahidi kusimamisha mkanda kabla ya majina. Tunakuomba upande mbele ya watu uyasome wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na utakapofika kwenye aliyetunga, usome jina lililo kwenye karatasi hii ninayokukabidhi. Tumeliandika kwa herufi kubwa ili lisikosewe: ZORAIDA MILIÁN PEDROSO.

Ameketi safu ya tatu, gauni la njano, alilolishona mwenyewe. Sehemu hii ya risala hakuwa akiijua. Sasa anaijua. Zoraida, usitoke, mama. Kaa. Nguo zimeanuliwa, tumemtuma mtu.

HITIMISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuombea safari njema, macho yasiyochoka kutazama watu, na nyumba ambayo kila aliyemo anaulizwa leo amefikiria nini. Mungu wa wanaomwamini akubariki, na wasiomwamini wanakubariki wao wenyewe kwa mikono yao.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Sigara cha Flor del Cuyaguateje.

Sahihi ziko mia moja themanini na sita. Kwa desturi ya kusoma risala ninasoma ya kwanza tu, kama ilivyoandikwa na mwenyewe kwa mkono wake:

Evelio Urquiola, mume wa mwandishi.